Imani ya Mkopo: Msimuliaji wa Filamu na Msingi wa Kuaminika kwa Mhakiki

Kuaminika kwa mhakiki wa filamu hupimwa mara nyingi kwa elimu au umaarufu wake. Makala haya yanadai kuwa msingi wake umo ndani ya tahakiki yenyewe, na kwamba kibanda umiza huudhihirisha kuliko ukumbi wa mihadhara.

Katika mji mdogo kama Madibira, wilayani Mbarali, penye wakulima wa mpunga wa umwagiliaji, mtazamaji wa kibanda umiza hufuata filamu ya kigeni kwa sauti ya msimuliaji. Jadi hiyo ilipata umaarufu nchini Tanzania kupitia wasimuliaji kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Msimuliaji hatafsiri tu. Hufafanua, humkejeli mhusika na kuhukumu matendo yake. Kwa maana hiyo, naye ni mhakiki. Mtazamaji asiyejua lugha ya filamu hawezi kuyapima maneno yote ya msimuliaji, lakini picha anaiona. Akiambiwa kuwa mhusika amesamehewa ilhali anapigwa risasi, atacheka na kuacha kumsadiki. Ukweli katika kinachoonekana ndio unaomkopesha msimuliaji imani katika kisichoeleweka.

Mhakiki wa maandishi hana picha mbele ya msomaji wake. Hana budi kuuleta ushahidi kwa maneno. Filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi (1999), ni mfano mwafaka. Kusema kwamba filamu imeifupisha riwaya si hoja, kwani ufupisho ni sharti la uhamishaji wenyewe. Tahakiki yenye thamani huonyesha ni matukio gani ya Yasmin na Denge yaliyobakizwa, yapi yameachwa, na uwiano wa mapenzi na siasa umebadilika vipi. Msomaji wa riwaya anaweza kuyahakiki hayo. Yakithibitika, ataisikiliza pia hukumu isiyothibitika kirahisi, kama vile uzuri wa filamu.

Inaweza kupingwa kwamba msimuliaji hupendwa kwa ucheshi, si kwa usahihi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini ucheshi huvuta hadhira tu, haudhamini hukumu. Tena mkopo huweza kutumiwa vibaya: mhakiki anayeficha ukaribu wake na mtayarishaji hutumia imani ya msomaji kuuza bidhaa.

Hatari nyingine imo darasani. Mwanafunzi anayejaza vichwa vya fani na maudhui, dhamira, wahusika na mandhari bila kutaja onyesho hata moja, huandika tahakiki inayoweza kubandikwa kwenye filamu yoyote. Hapo hakuna cha kupimwa, na kwa hiyo hakuna cha kuaminiwa. Msimuliaji wa kibanda umiza asingemaliza hata filamu moja kwa mtindo huo.