Bandi, Pasi na Mabaki ya Vitenge

Ukimpelekea shuka la vipande ulilojishonea, kwanza ataligeuza. Maua na rangi ataviangalia baadaye. Anachotafuta ni jinsi mishono ilivyolala upande wa ndani. Ni mzee wa Digodigo, fundi wa cherehani ya miguu, na riziki yake ni sare za shule na magauni. Mashuka ya vipande huyashona jioni, kwa mabaki ya wateja, kwa kupenda tu. Mimi nami nashona kwa kupenda, na sijafaidi kitu kama kukaa barazani pake.

Kabla mkasi haujashikwa, mabaki yote huyaloweka. Kitenge kipya kina wanga na kikifuliwa hurudi. Kanga nyekundu huchuja rangi. Yakikauka, anachomoa uzi mmoja kwenye kila kitambaa na kuuwasha kwa kiberiti. Wa pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Wa poliesta huyeyuka ukaganda kidonge kigumu, na kitambaa chake hutengwa, kwa maana pasi ya mkaa itakiunguza. Mashuka mengi ya Kimasai ya siku hizi yana nyuzi za aina hiyo, basi yeye huyafanya bitana, chini kabisa, pasi isikofika.

Kwenye kupima hana utani. Wabatemi, wenyeji wa Digodigo, wamegawana maji ya mifereji kwa zamu tangu enzi za mababu, na ukali ule ule nauona kwenye tepu yake. Hukata kwa kufuata mlalo wa nyuzi, kwani kipande cha mshazari huvutika mkononi na shuka likavimba katikati. Kanga ikikatwa, jina nalo hukatika. Wajukuu hubishana kitandani maneno yaliyobaki yalikuwa yapi.

Kushona kwenyewe kunakwenda haraka. Ukingo wa kitambaa unaambaa na ukingo wa mguu wa cherehani, bila chaki. Viwili viwili, kisha safu, kisha safu kwa safu, kwa hiyo mishono yote ni ya kunyooka. Ustadi uko kwenye pasi: haiburuzwi, inakandamizwa na kuinuliwa. Mikunjo ya safu ya kwanza hulazwa kulia, ya pili kushoto. Safu hizo zikiungwa, mikunjo hukaa ubavu kwa ubavu na pembe nne zinakutana pale pale. Pitisha kidole: hukuti kinundu.

Mwisho hutandika blanketi kuukuu katikati ya uso na bitana, akapiga bandi kwa mkono kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa na mikunjo visukumwe nje. Kazi hiyo inamla jioni kadhaa, halafu, tabaka zikishashonwa pamoja, nyuzi zenyewe anakuja kuzifumua zote.

Nilimwuliza kwa nini hauzi mashuka haya. “Mteja ataomba nimpunguzie,” akasema, “nami nitaanza kupunguza bandi.”