Misa Luba: tunaimba nini siku ya sikukuu yake?

Kila mara Misa Luba inapotimiza miaka kumi mingine, watu wa korali wanaulizana namna ya kuikumbuka. Wengi wanajibu: tuiimbe. Sisi pia tunasema ndiyo. Lakini tuimbe nini? Jibu litaonyesha kama tumeelewa kazi ya wale wa Kamina ao hapana.

Kwanza historia, kwa kifupi. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953 kwenye masomo ya misioni. Alikusanya korali ya watoto wanaume 45 hivi, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Wabelgiji wa wakati ule. Mwaka 1958 misa iliimbwa Kamina, halafu korali ikazunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Philips wakatoa diske. Mwaka 1968 Lindsay Anderson akatia Sanctus ndani ya filamu yake If...., na sauti za Kamina zikafika kwa watu wasiojua hata Kamina iko wapi.

Sasa tusikilize ile diske. Maneno ni ya misa ya Kilatini, na chombo ni ngoma tu. Lakini Kyrie inatembea kwa mwendo wa kasala, wimbo ambao Waluba wanatajia na kulilia wafu wao. Hayo si mapambo. Mtu anayeomba huruma anaiomba kwa sauti ile ile ya matanga. Sanctus nayo imetoka katika wimbo wa kuagana. Mwimbaji wa mbele, mwalimu Joachim Ngoi, anatupa neno, na korali inalipokea.

Hapa njo penye shida. Misa hii haikutungwa kwenye karatasi. Waimbaji walikubaliana juu ya mwendo, halafu wakajaza nafasi papo hapo, kwa akili na masikio yao. Kumbe kilicho ndani ya diske ni uimbaji wa siku moja. Nota ziliandikwa nyuma yake. Leo kwaya nyingi za ulimwengu zinafuata nota zile, hata kila mpindo wa sauti ya Ngoi, sawa vile alikuwa ameandikiwa tangu mwanzo. Ni kama mtu kutoa kasala kwa kusoma majina ya wafu wa jamaa nyingine.

Wengine watatujibu: bila karatasi misa ingepotea. Ni kweli, na tunashukuru. Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilirekodi misa hii mwaka 1990, na ikapata wasikilizaji wapya. Tena, si kila kazi inadai uhuru huo. Joseph Kiwele wetu wa Katanga alikuwa mtungaji: ukiimba Missa Katanga yake, fuata alichoandika. Heshima ya Kiwele ni kufuata. Heshima ya Kamina ni kuendeleza.

Kuna na neno la jina. Mara nyingi misa inatajwa kuwa ya Haazen peke yake. Kazi yake ilikuwa kubwa: aliunganisha ngoma na Kilatini miaka mitano mbele ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili kutoa sheria yake ya liturujia, Desemba 1963. Lakini kuongoza si kutunga, na walimu na watoto wale walitunga.

Basi, ndugu wa korali, kwa sikukuu inayokuja tunaomba mambo mawili. Kwenye programu muandike Troubadours wa Kamina mbele, na Haazen kama kiongozi. Halafu Kyrie muifunge ile karatasi: mumwache mwimbaji wenu mmoja aanze kwa sauti ya matanga ya kwao, na nyinyi mumpokee. Ikiwa itayumba kidogo, si kitu. Itakuwa hai.