Namna ya Kukitambua Kifaa Pepe cha Mtandao Kilicho Bora

Fundi wa mitandao akaaye Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, au hata aliye Kisangani kwenyewe, ana sababu kubwa kuliko wengi ya kuvichagua kwa hadhari vile vifaa pepe ambavyo kompyuta hujitungia ndani yake ili kupitisha pakiti. Kwa maana, apatapo intaneti kwa setilaiti iliyosimama juu ya ikweta, yapata kilomita 36,000 kutoka ardhini, pakiti ikipotea hairudishwi ila baada ya nusu sekunde na ziada kupita.

Ubora wa kifaa cha namna hii haudhihiriki siku ya raha. Hudhihirika siku foleni yake ijaapo. Kilicho duni huitupa pakiti kimya kimya na kuendelea na shughuli zake, ilhali kilicho bora humsimamisha aletaye, mithili ya nahodha wa mashua ya mto ambaye, akiona maji yamekaribia ukingo, huwaamuru wapagazi wangoje gatini, wala hayatupi magunia ya mpunga majini.

Basi tazama kwanza kama pana mahali pa kungojea. Katika Linux, jozi ya veth iunganishayo kontena na mashine iliyolibeba huzaliwa aghalabu bila mpanga foleni (qdisc), na hapo amri ya kusimama haina wa kuisikia. Hadi mwaka 2025, duara lake la kuwekea pakiti zingojazo, lenye nafasi 256, lilipojaa, pakiti zilitupwa. Ndipo mtunzi wa programu za Linux, Jesper Dangaard Brouer, akaleta rekebisho la kuzirejesha kwa mpanga foleni, iwapo yupo.

Hapa ndipo penye utamu wa sanaa yenyewe. Kusimamisha ni kazi nyepesi, kuamsha ndiko kuzito: mletaji huona duara limejaa, na kabla hajajisimamisha, mpokeaji amekwisha kulimaliza akalala, huyu angoja kuamshwa, yule hana habari, na foleni hukwama daima. Wala si dhana tupu, kwani mwaka uo huo mwanya wa namna hiyo ulionekana katika rekebisho lenyewe, ukazibwa. Stadi, asomapo programu, hutafuta kama mletaji, akishajisimamisha, hulitazama duara mara ya pili. Asipoliona jambo hilo hukiacha kifaa, hata kikisifiwa vipi.

Wako wadaio kwamba dawa ni kuirefusha foleni. Siafikiani nao hata kidogo: foleni ndefu huugeuza upotevu kuwa ukawiaji. Kathleen Nichols na Van Jacobson, katika CoDel, kanuni yao ya kusimamia foleni ya mwaka 2012, waliweka shabaha ya milisekunde 5 za kungojea, na foleni ikidumu kuzidi hapo, pakiti chache hutupwa makusudi ili mtumaji atanabahi. Kutupa kwa hekima si sawa na kutupa kwa kughafilika.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, kabla hujakiamini kifaa, kifurikishe pakiti huku mpokeaji ukimchelewesha, na ping ikienda kando. Hesabu ya zilizotupwa na kifaa chenyewe ikisimama, na ping isikawie, kichukue. La sivyo, tafuta kingine.