Kufuli la nusu sekunde

Mliokuwepo ukumbini mliona onyesho zima, kwa hiyo sitalirudia. Nina neno na dakika moja tu, ile ya kitufe cha Ongeza. Pale mwonyeshaji alikosea waziwazi, na sisi tukampigia makofi.

Mnakumbuka: orodha ya bidhaa za duka, kila mstari na kitufe chake. Akaipandisha orodha, akaishusha, akabonyeza sukari, kikapu kikasoma 3. Akacheka, akasema kidole kimeteleza. Papo hapo akaandika kufuli: mbonyezo mmoja ukishapokelewa, mingine yote ndani ya nusu sekunde itupwe. Akajaribu tena, kikapu kikasoma 1. Makofi. Nani alitazama kilichokuwa ndani ya kikapu? Ulikuwa unga.

Kidole kilisingiziwa. Aliita addAction ndani ya cellForRowAt, na UITableView haitengenezi seli mpya kwa kila bidhaa. Seli iliyotokomea juu ya skrini hurudishwa chini na kuvishwa data nyingine, kitufe kikiwa kilekile. Basi kila seli ilipotumika upya, kitufe kiliongezewa kloja nyingine, na zile za nyuma zikabaki, kila moja imeshikilia bidhaa yake. Ni nyumba ya kupanga ambayo jina la mlangoni hubadilishwa kila mwezi lakini wapangaji wa zamani hawahami: ukipiga hodi, wanaitika wote. Unga, mafuta, sukari. Kufuli lake halikumhamisha hata mmoja. Lilimwacha mmoja aitike, likawaziba midomo wengine. Ile 3 ilikuwa aibu iliyoonekana na kila mtu, na aibu ya namna hiyo hutibika. Hii 1 itasubiri hadi mteja apelekewe unga akiwa na chai mezani.



Wakongwe wasingefika huko. Katika NeXTSTEP, ambako Jean-Marie Hullot alituachia Interface Builder, kitufe kilikuwa na mlengwa mmoja na kitendo kimoja, basi. UIKit ya 2008 iliruhusu walengwa wengi, lakini hata huko ukirudia addTarget kwa mlengwa na kitendo vilevile, hakiongezeki kitu. Ndiyo, kujua ni mstari gani umebonyezwa kulitaka jasho kidogo, na kuna walioitumia tag vibaya hadi leo sijawasamehe. Lakini kosa la wapangaji wengi halikuwa na pa kuota.

Kisha 2020 ikaja iOS 14 na addAction yake, na tangu hapo sijaacha kulalamika. Ukiunda UIAction bila kuipa kitambulisho, mfumo huipa chake, kipya kila mara. Ungeipa kitambulisho kimoja kisichobadilika, inayokuja ingeifuta iliyotangulia. Apple wenyewe wameyaandika hayo kwenye maelezo yao, ila vijana wetu husoma mfano wa msimbo na kuruka maelezo.

Na ile weak self! Aliibandika kila mahali kama hirizi. Kazi yake ni kuizuia kloja isimshikilie mwenye skrini kwenye kumbukumbu, na hapo kweli ilifaa. Kloja zenyewe ni ngapi, hilo haliihusu kabisa.

Dawa ilikuwa mistari michache. Seli iwe na sifa moja, tuiite onAdd, ya kubeba kloja. Kitufe kifungwe mara moja tu, seli inapoundwa, na kazi yake iwe kuiita onAdd. Kila zamu cellForRowAt iiandike upya sifa hiyo, mpya ifute ya zamani, na prepareForReuse iirudishe kuwa nil. Kufuli la nusu sekunde lifutwe. Anayehofia oda kwenda mara mbili azuie kwenye seva, kwa namba ya oda, maana hata mtandao hurudia ombi bila kidole cha mtu.