Fundi Asiyeona na Kompyuta Inayosema

Fundi wa kompyuta asiyeona, awe Igamba wilayani Mbozi au kwingineko, hufanya kazi kwa kibodi na kisoma skrini, yaani programu inayogeuza maandishi ya kioo kuwa sauti, kama NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na mwanaprogramu asiyeona, ambayo hutolewa bure, na bure hiyo si jambo dogo kwa mtu anayeishi kwa ujira wa matengenezo. Hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, huandika cmd na kubonyeza Control, Shift na Enter ili dirisha la amri lifunguke kwa haki za msimamizi, kisha huandika sfc /scannow, amri inayokagua mafaili ya mfumo na kurekebisha yaliyoharibika, huku asilimia za ukaguzi akizifuata kwa sikio, kwa kasi ya usemi ambayo mgeni asingeambulia neno. Sauti ikikatika, Control, Alt na N huirudisha. Ugumu hasa uko kwenye chkdsk, ukaguzi wa diski ambao, ukitakiwa kurekebisha makosa kwenye diski inayobeba mfumo, hufanyika kompyuta inapowashwa upya, kabla kisoma skrini hakijaamka: hapo mashine huwa bubu, na fundi husikiliza mkwaruzo wa diski, au huazima macho ya jirani, ilhali karani wa chama cha kahawa anayesubiri hesabu zake za msimu huuliza tu kama imekwisha.