Gitaa ya nkambo haikukosea

Bandugu na badada, bale tulimaliza pamoja na bale mungali ku oditwari, leo sitaandika juu ya mahindi. Naandika juu ya kosa nililofanya hapa Mokambo, na juu ya namna sisi basomi tunavyohukumu gitaa za bazee.

Mwaka jana nilinunua pakiti ya kamba za chuma Lubumbashi, nikaletea nkambo wangu zawadi. Gitaa yake ni ya zamani, mbao nyembamba. Kila mara nilipoishika nilisikia kamba ya nne iko juu sana, nikasema moyoni: muzee sikio limechoka. Basi nikatoa kamba zote, nikaweka mpya, nikafungua programu ya simu, nikakaza funguo mpaka taa ya kijani ikawaka kwa kila kamba: mi, la, re, sol, si, mi. Nikamupa.

Akapiga kwa kidole gumba, akajibu kwa kidole cha shahada, akaacha.

“Mujukulu, wimbo uko wapi? Umeutupa pamoja na kamba?”

Njo pale nilianza kujifunza. Kamba yake ya nne haikuwa re. Ilikuwa fa, na alitaka iwe fa. Mu wimbo ule gumba linatembea kati ya kamba ya tano na ya nne, na fa inalia wazi, bila kidole kuibana. Ukiirudisha re, mkono wa kushoto unapashwa kukimbilia kijumba cha tatu kila mara, na vidole vyake viko na kazi nyingine. Wimbo unakufa juu ya kamba moja tu.

Muzee akajaribu kukaza re yangu mpya mpaka fa. Ni toni moja na nusu, inaonekana kidogo. Lakini mvuto wa kamba hauongezeki sawa na sauti. Unaongezeka kwa mraba wake. Toni moja na nusu juu ni mvuto mara 1.41, karibu nusu tena ya ule wa kwanza. Na pakiti niliyonunua ilikuwa ya 12, maana yake kamba ya kwanza iko na unene wa elfu 12 za inchi, kama milimita 0.30. Seti kamili ya 12 mpaka 53 inavuta zaidi ya kilo 70 kwa jumla, mbele haujapandisha kitu. Tulisikia mlio, daraja la gitaa likaanza kunyanyuka upande wa nyuma. Akalegeza zote, hakunitukana. Ingekuwa afazali angenitukana.

Kisha akafungua kopo la maziwa ya unga, akanionyesha siri yake. Pa nafasi ya nne hakuwa anaweka kamba ya nne hata siku moja. Alikuwa anaweka sol ingine, kamba ya tatu ya seti nyepesi, na anailegeza toni moja mpaka fa. Haikazwi, inapumuzika. Tujue basi: kuchagua akor na kuchagua kamba ni kazi moja.

Hesabu ile ile iko mu gitaa ya mi-composé ya okesta za Kinshasa, ile inayolia kati ya solo na akompanyema. Pale kamba ya nne inatolewa, inawekwa nyembamba inayolia re ya oktavu ya juu. Ukitaka kufika pale kwa kukaza re ya kawaida, unahitaji mvuto mara nne; itakatika mbele ya kufika. Weka kamba ya kwanza ya ziada, ile ya 10, shusha toni moja kutoka mi, umefika. Batu wale hawakuwa na sikio bovu, balikuwa na mahesabu.

Sasa neno langu kwa vijana wanaopiga nyimbo za Jean-Bosco Mwenda na kujirekodi. Hugh Tracey alimurekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mpaka sasa ukisikiliza “Masanga” unatafuta gitaa ya pili, na hakuna. Gumba na shahada tu. Vijana wetu vidole banavyo, sikatai. Lakini wengi banapiga na kamba nzito, besi inafunika sauti ya juu, mazungumzo ya vidole viwili yanakuwa hotuba ya gumba. Tunasifia mwendo, hatuulizi ni kamba gani.

Mtu atanijibu: gitaa zingine za bazee zimeharibika akor kweli. Ndiyo. Kipimo chepesi ni hiki: umulegezee muzee kamba, umuache aakorde mwenyewe mara mbili, mara tatu. Kama inarudi pahali pamoja, ule ni uchaguzi. Kama kila mara inaenda kwingine, hapo sema sikio. Miye, mwenye lisansi ya kilimo, nisingemwaga chokaa shambani bila kupima udongo. Ku gitaa nilitia dawa kwanza.

Hawaii kuna familia zilizoficha akor zao kama siri ya nyumba, na zingine zimepotea na benye siri. Hapa kwetu hakuna anayeficha. Tunapoteza kwa kurekebisha. Rafiki wa nkambo, marehemu, alikuwa na wimbo wenye akor yake. Nkambo anakumbuka maneno yote. Kamba hazikumbuki, na gitaa ya marehemu tayari iliakordewa upya na watoto wake, vizuri kabisa, kwa simu.

Gitaa yetu fundi aliibandika daraja, sasa ina kamba za 10, na sol mbili. Muzee anapiga tena, polepole.

Kama uko na muzee wa gitaa nyumbani, mbele ya kugusa ufunguo hata mmoja, fungua kinasa sauti cha simu. Piga kamba wazi, moja moja, kuanzia ya sita mpaka ya kwanza. Piga picha ya kamba karibu na daraja, unene uonekane. Kisha umuombe wimbo mmoja. Ni dakika tano.