Fotei za ngozi, bidoni tupu

Wasomi wenzangu, leo naomba tuongee juu ya jambo ambalo wengi wataona ni la matajiri: raha ya msafiri. Kiti cha kungojea ndege, choo cha kiwanja, maji ya dushi hotelini, prizi ya kuchaji simu. Najua mtu atasema, "Sisi huku tuko na vita, wewe unatafuta fotei." Ngojeni kwanza nieleze, kisha mtanihukumu.

Mwaka 2023 nilimsindikiza mama yangu Goma kwa matibabu ya mguu. Sitataja kampuni ya ndege wala kiwanja, juu sitaki kesi, na pia juu yaliyotupata sisi yamewapata wengi wenu mahali pengine. Tuliambiwa tufike saa moja asubuhi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Ndege iliondoka saa tisa mchana na kitu. Muda huo wote hakuna mtu aliyesimama mbele yetu kusema neno. Ukienda kuuliza, jibu ni moja: "Iko njiani." Saa tatu, iko njiani. Saa tano, iko njiani. Na kutoka Goma mpaka kwetu ndege haimalizi saa nzima hewani!

Mama alikuwa hajanywa maji tangu jana yake jioni. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu pole pole ili watu wasisikie: "Mwanangu, nikikunywa, nitaenda wapi?" Choo kilikuwepo, lakini mlango haufungi, ndani hakuna maji, na cha kuchuchumaa tu; kwa mtu mwenye mguu mbovu ni kama hakipo. Mama ana tansyo, na dawa yake inamezwa na maji. Kumbe alikuwa ameiruka dawa ili asihitaji choo. Saa sita akashikwa na kizunguzungu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anauza chai nje ya uzio. Alikuwa na viti vitatu vya plastiki, termosi, bidoni ya maji yenye robine ndogo, na kipande cha sabuni. Akampa mama kiti chini ya mti, akampa maji, akamwonyesha choo cha jirani yake. Halafu akasema neno ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote wa kampuni: "Mama muzee, ndeke bado haijatoka Goma. Ikitoka nitawaambia." Alijua namna gani? Alikuwa na namba ya kijana anayebeba mizigo, na kijana huyo alikuwa anaongea na wenzake wa Goma. Kwa hiyo habari ilikuwepo. Ilikosa tu mtu wa kutuletea.

Tangu siku ile nikaanza kuangalia viwanja na hoteli zetu kwa jicho lingine, na nikaona raha ya msafiri iko ya aina mbili. Kuna raha ya kuonyesha, na kuna raha ya mwili. Sisi tunanunua ya kwanza, tunasahau ya pili.

Chukua hoteli. Wakati wa kurudi, ndege ilitua jioni, na kwetu barabara haiingiwi usiku. Tukalala hotelini. Pale mapokezi: fotei nyeusi za ngozi, zingine bado ziko ndani ya nailoni yake, televizyo kubwa kama mlango, rido za rangi ya dhahabu, maua ya plastiki, ukutani picha ya magorofa ya Dubai. Nikajisemea, leo mama atapumzika. Chumba kikawa gorofa ya pili, ngazi hazina mahali pa kushika. Robine ikakohoa, ikanyamaza. Bidoni ya dushi ilikuwa tupu. Saa nne usiku grupu ya umeme ikazimwa, na hakuna aliyetuachia hata taa ndogo. Nikashuka kuuliza. Dada wa mapokezi akanijibu kwa heshima kabisa: "Pole, papa. Mayi ilikatika. Kesho asubuhi tutawaletea ndani ya basini." Yeye simlaumu. Lakini najiuliza: mwenye hoteli aliyepata feza za fotei sita za ngozi, alikosa feza za bidoni moja iliyojaa?

Tuseme ukweli, hata sisi tuna sehemu yetu. Hoteli nyingi za Butembo na Beni haziishi kwa wasafiri peke yao. Zinaishi pia kwa arusi, mikutano na sherehe za kolasyo. Siku tulipopata diploma, wengi wetu tulienda wapi kupiga picha? Kwenye fotei zilezile, mbele ya rido zilezile. Hakuna aliyepiga picha ya robine inayotoa maji. Mwenye hoteli si mjinga. Aliona tunachokilipia, akatupatia. Sebule yake imejengwa kwa ajili ya simu zetu, na chumba cha kulala kimebaki cha mtu asiyejulikana, anayefika usiku na kuondoka alfajiri.

Wengine wanasema wafanya-biashara wetu wameiga nchi za nje. Ni kweli wanasafiri. Ndugu zetu wa Butembo wamezoea kupita Kasindi, Kampala, Entebbe, mpaka Dubai na Guangzhou kutafuta mali. Wameona viwanja vikubwa. Lakini nafikiri wameiga nusu tu. Angalia Changi, kiwanja cha Singapore kinachosifiwa dunia nzima. Watu wanaongea juu ya bustani ya vipepeo, na juu ya maporomoko ya maji ya mita 40 ndani ya jengo la Jewel, lililofunguliwa mwaka 2019. Hayo ndiyo yanayopigwa picha. Lakini maporomoko yale yangekuwa kichekesho kama chooni hakuna maji ya kunawa. Pale walianza na choo safi, maji ya kunywa ya bure, viti, na ubao unaosema ndege iko wapi na itaondoka saa ngapi. Vipepeo vilikuja juu ya msingi. Sisi tunataka kuanza na kipepeo.

Sasa nirudi kwa yule anayesema tuko na vita. Ndugu yangu, ni vita yenyewe inayonifanya niseme. Kwingine, ndege ni ya mwenye haraka au mwenye feza. Kwetu, anayepanda ndege mara nyingi ni mtu aliyenyimwa barabara. M23 walipokamata Rutshuru na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, RN2 ya kwenda Goma ilikatika. Aliyetaka kufika Goma alibaki na njia mbili: kuzunguka Uganda, au kupanda ndege. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 54 tu, kati ya Beni na Kasindi ni kama 80, lakini nani kati yetu hajui watu waliochomewa magari kwenye njia ya Kasindi? Kwa hiyo pale kiwanjani utamkuta mgonjwa, mjane anayekwenda matanga, mwanafunzi aliyechangiwa na ukoo mzima. Hao ndio wanaokaa juu ya mizigo yao saa nane. Ukisema kiti na choo ni anasa, unasema hao watu ni wa anasa.

Na tangu Goma ianguke Januari 2025 na kiwanja chake kifungwe, uongozi wa jimbo ulihamia Beni. Wageni wakaongezeka: wakubwa wa serikali, watu wa mashirika, familia zilizokimbia. Kila chumba kinapata mtu, hata kibaya. Huo ndio wakati wa hatari kwa ubora wa kazi, juu mteja hana pa kwenda kwingine. Mwenye hoteli anaweza kuchukua dola zake bila kujaza bidoni, na kesho kitanda kitajaa tena.

Atakuja mwingine aseme, "Hatuna uwezo." Hapo naomba tukumbuke Ebola. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ugonjwa ule uliua watu 2,287, na Beni na Butembo tulikuwa katikati ya moto. Wakati ule, mlango gani haukuwa na ndoo yenye robine na maji ya klorini? Kanisa, soko, shule, hoteli, kiwanja cha ndege, barriere za barabarani, kote ulinawa mikono, ukapimwa joto kwa termoflashi. Kulikuwa na misaada, ndiyo, lakini hata butike ndogo isiyopata msaada wowote ilijiwekea ndoo yake na mtu wa kuijaza kila asubuhi. Tulijua kupeleka maji mahali popote. Ebola ilipoisha, ndoo zikakauka, nyingine zikaenda kupandwa maua. Basi uwezo tulikuwa nao. Tuliutumia kwa sababu tuliogopa kufa. Sasa tunaweza kuutumia kwa sababu tunaheshimu mgeni?

Sikatai kwamba mengine ni magumu. Kuwasha grupu usiku kucha ni mafuta, na mafuta ni feza. Kodi ni nyingi, kila ofisi inagonga mlango wa hoteli na karatasi yake. Kujenga jumba la kisasa la abiria si kazi ya mkuu wa kiwanja peke yake. Na kuna jambo linalopita kiti na choo: ndege yenyewe kuwa salama. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa inakuja Beni ilianguka Goma mara tu ilipopaa, ikaua abiria wake wote, na watu waliokuwa chini majumbani. Ningeambiwa nichague kati ya fotei na fundi mzuri wa injini, ningechagua fundi bila kufikiri. Lakini mimi sijaomba fotei. Naomba vitu ambavyo bei yake ni ndogo kuliko rido moja ya dhahabu: choo kimoja cha kukalia chenye kufuli, bidoni iliyojaa, benchi yenye kivuli, chumba cha chini kwa mgonjwa, taa ya jua chumbani, chandarua kisichotoboka. Na neno la kweli kuhusu saa. Hilo halinunuliwi.

Kuhusu ndege, tukumbuke pia kwamba abiria analipa. Ile Go-Pass ilianza mwaka 2009, na kwa miaka mingi ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, ili viwanja vijengwe. Mtu akilipa dola 10 hajaja kuomba sadaka. Tangu 2005 Ulaya wana sheria ya kumlinda abiria: kwenye safari fupi, ndege ikitarajiwa kuchelewa saa mbili au zaidi, kampuni inapaswa kumpa chakula, kinywaji na nafasi ya kupiga simu mara mbili bila malipo, ikisogezwa mpaka kesho yake, inampa hoteli. Soma vizuri: inapaswa. Kule, maji ya kunywa yametoka kwenye orodha ya ukarimu yakaingia kwenye orodha ya deni. Sisi bado mtu akipewa glasi ya maji anashukuru mpaka anainama.

Nimalizie na sisi wenyewe. Kati yetu kuna waliosoma jestyo, uchumi, sheria, afya ya jamii. Wengine tayari wako nyuma ya meza za mapokezi na za kampuni za ndege, wanasema "iko njiani" kwa sababu mkubwa wao amewaambia hivyo. Mkubwa anaogopa kwamba abiria wakijua ukweli watakasirika. Mimi nilikuwa pale: abiria hawakukasirika na kuchelewa, walikasirika na kudanganywa. Ukiniambia saa mbili asubuhi kwamba ndege ni ya saa tisa, nampeleka mama kwa ndugu, anakula, anameza dawa, analala. Neno moja la kweli lingefanya kazi ya fotei kumi.

Mguu wa mama umepona kidogo. Ukimuuliza juu ya safari ile, haongei juu ya hospitali wala ndege. Anaongea juu ya yule mama wa chai. Mara ya mwisho alinituma nimpelekee kitenge. Nilipofika nikakuta viti vimekuwa vitano, na bidoni imejaa. Nikamuuliza siku hiyo ndege iko wapi. Akatazama simu yake, akasema, "Bado, mwanangu. Kaa kwanza, ukunywe mayi."